Escrow: Nani Alituhesabia?

Aliyelipa bili ya umeme Majengo au Kibosho, hapa Moshi, alichangia fedha za TANESCO, na mzozo wa TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL ndio uliozaa akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu. Zilipochotwa humo zaidi ya shilingi bilioni 300, mbunge David Kafulila alipiga kelele bungeni mwaka 2014, akabezwa. Hakunyamaza.

CAG na TAKUKURU walichunguza, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ikaisoma ripoti yake mbele ya taifa. Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu. Profesa Tibaijuka, aliyesema mgawo wake wa shilingi bilioni 1.6 wa fedha hizo ulikuwa wa shule, akaondolewa uwaziri. Hapo Bunge lilifanya kazi yake, nami nalipongeza bila kusita.

Mahakamani mambo yalikuwa mengine. Wafanyabiashara Harbinder Sethi na James Rugemalira walishtakiwa Juni 2017 kwa sakata hilo la Escrow, wakakaa rumande miaka minne, kesi ikiahirishwa kila mara kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Mwaka 2021 Sethi alitoka kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka. Rugemalira alifutiwa mashtaka.

Ushahidi dhidi yao haukuwahi kupimwa mahakamani. Hilo linaniuma mara mbili: mtuhumiwa alifungiwa bila kusikilizwa, na mlipaji wa Moshi hakuambiwa nani alifanya nini. Upelelezi ukamilike kwanza, ndipo mtu akamatwe, awe tajiri au mchuuzi wa ndizi.