Usimjaribishie Mbwa Uyoga

Ndugu mkulima, masika yakiingia uyoga huchipuka kila mahali. Wengine humtupia mbwa kipande. Wakimwona mzima baada ya saa moja, basi, sufuria jikoni! Hapana, ndugu yangu. Na huyo mbwa amekukosea nini? Sumu ya uyoga mbaya kabisa, kama baadhi ya aina za amanita, hukaa kimya saa 6 hadi 24. Kisha mbwa hutapika, huharisha, hupata nafuu ya uongo, na baada ya siku 2 au 3 ini limekwisha. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Uyoga uliomea uani ung'oe, uufukie. Mbwa akiula, usingoje dalili: mpeleke kwa bwana mifugo upesi, na kipande cha uyoga wenyewe mkononi.