Umeme wa shilingi 100 anaupata nani?

(Mazungumzo na vijana wa tawi, Januari 2015. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mimi nitaongea umeme tu, ya Katiba mmeshayasikia kwa wenzangu.

Mwaka umepita tangu bei mpya ianze, tarehe 1 Januari 2014. TANESCO waliomba kupandisha kwa karibu asilimia 68, EWURA wakawapa kama asilimia 39. Kuna watu walishusha pumzi, wakaona tumepona. Jamani, Januari 2012 si walishapandisha kwa asilimia 40? Ndani ya miaka miwili umepigwa mara mbili, halafu unashukuru kwamba ngumi ya pili haikuwa kubwa kama alivyotaka mpigaji!

Sasa utetezi wao mtakutana nao huko mitaani, kwa hiyo mjiandae. Watawaambia maskini amelindwa. Mteja wa D1, yaani yule ambaye kwa wastani havuki uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti na halipi sevisi chaji. Ni kweli, msibishe, liko kwenye jedwali la bei. Nyie waulizeni swali moja tu: huyo maskini anaishi wapi?

Maana sisi tunamjua. Yuko Manzese, yuko Mbagala, yuko Tandale, kapanga chumba. Nyumba ina vyumba sita na luku moja. Kila chumba kina taa, tivii ndogo, feni, simu za kuchaji, na pasi ya kuiba iba kwa sababu mwenye nyumba ameipiga marufuku. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30 kwa mwezi. Hao wote mmoja mmoja ni watu wa shilingi 100. Lakini luku haihesabu vyumba. Yenyewe inaona mteja mmoja wa uniti 180, tajiri huyo! Anawekwa T1, analipa shilingi 306 kwa uniti na sevisi chaji 5,520 juu yake.

Toeni simu mpige hesabu na mimi. Uniti 180 mara 306 ni 55,080. Ongeza 5,520, inakuwa 60,600. Gawanya kwa sita: kila chumba 10,100. Angekuwa na luku yake, uniti 30 zile zile zingemgharimu 3,000. Na hapo sijaweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Wakati huo huo kuna jamaa anaishi peke yake kwenye nyumba nzima, anashinda kazini, friji moja na taa mbili, hafikishi uniti 75. Huyo ndiye anayekula ile nafuu iliyoandikwa kwa jina lenu. Simchukii, hajaiba. Waliopanga bei ndio walipaswa kujua jinsi watu wa mji huu wanavyoishi.

Ugomvi wa nyumba za kupanga mnaujua kuliko mimi. Mwezi ukianza hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua, kwa sababu sevisi chaji inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza. Mtu anatoa elfu kumi yake, zinarudi uniti za kuchekesha, wenzake wanamtazama kama kala hela. Mama mwenye friji ya kuuzia barafu anaitwa mchawi wa umeme. Wapangaji wanagombana wao kwa wao, na aliyepanga bei hayupo hapo uani.

Mtasema si kila mtu aweke luku yake? Kuunganishiwa umeme mjini ni zaidi ya laki tatu. Mpangaji atoe laki tatu kwenye nyumba ya mtu, halafu kesho apewe notisi?

Niguse haraka sababu za kupanda. Tuliambiwa mafuta ya kuendeshea mitambo ni ghali. Sawa. Katikati ya mwaka jana pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100, mwezi huu liko chini ya dola 50. EWURA hao hao wanatangaza bei ya petroli kila mwezi na mnaona inashuka. Ya umeme imesimama pale pale. Ikipanda mafuta tunaambiwa ni soko la dunia. Ikishuka, mbona dunia imekuwa mbali?

Halafu kuna IPTL. Mkataba wa mwaka 1995, ambao TANESCO inalipa kila mwezi kwa mitambo kuwepo tu, iwake isiwake. Ni kama kumlipa bodaboda apaki nje kwako mwezi mzima, na siku ukipanda unamlipa nauli tena. Malipo hayo ndiyo yaliyogombaniwa, fedha zikawekwa akaunti ya Escrow pale Benki Kuu, na mnajua zilivyotoka. Tuliambiwa si za umma. CAG na Kamati ya PAC wakaonyesha kwamba zimo za umma, na Bunge likaazimia Novemba. Kiasi kilichotajwa sana ni bilioni 306. Uniti yako ni shilingi 306. Imetokea tu, lakini nambari hiyo msiisahau.

Kazi sasa. Mwezi uliopita mitaa mingi imechukuliwa na wapinzani, kwa hiyo tusiishie kulalamika Facebook. EWURA kabla ya kubadili bei huitisha mikutano ya maoni, na viti huwa vitupu, vijana hatuonekani. Safari ijayo tunataka twende na hesabu ya mtaa mzima, na madai mawili: nyumba ya wapangaji ihesabiwe kwa kaya, na mita ndogo za vyumba zitambuliwe kwenye bei ya D1.

Katibu ana daftari pale mlangoni. Kabla hujatoka andika nyumba yako ina vyumba vingapi, luku ngapi, na Desemba mlinunua uniti ngapi. Majina ya wapangaji hatuyataki. Mwenye risiti za luku aje nazo Jumamosi, hata zile zilizofifia, tutazisoma hivyo hivyo.