Bendera Yetu na Madini Yetu



Huenda mmoja wenu akajiuliza: silaha za nyuklia zatuhusu nini sisi wa Songea, wakulima wa mahindi? Nitaanza na bendera yetu.

Iran ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Mwaka 2005 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitamka kwamba nchi hiyo ilikiuka wajibu wake wa kutoa taarifa, na Desemba 2006 Baraza la Usalama likaiwekea vikwazo. Iran yenyewe imeshikilia kwamba shabaha yake ni ya amani. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulikataa kununua mafuta yake. Mara meli za mafuta za Iran zikaonekana baharini zikipeperusha bendera ya Tanzania! Zilikuwa zimeandikishwa Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Kwanza jambo hilo lilikanushwa. Agosti mwaka huohuo serikali ikatangaza kuzifuta meli 36. Taifa zima liliaibika kwa sababu ya muhuri uliogongwa ng'ambo, nasi wenye bendera hatuna habari.

Sasa tutazame jirani zetu wa Namtumbo. Kwenye Mto Mkuju kuna urani. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous ulirekebishwa ili kupisha mgodi, na Julai 2025 kikazinduliwa kiwanda cha majaribio. Tunaambiwa urani huzalisha umeme, na ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, na Waafrika ambao hawakuambiwa inakokwenda.

Nchi yetu imefungwa na mkataba huo tangu 1991, tena na Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. (Mataifa makubwa nayo yaliahidi, katika mkataba uleule, kujadiliana kwa nia njema ili kuondoa mabomu yao. Deni hilo hawajalilipa, na anayeilaumu Iran peke yake anatumia mizani miwili.)

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya ndogondogo, naomba diwani na mbunge waulizwe hadharani: mapipa yatakapotoka Mkuju, nani atayahesabu? Yatauzwa kwa nani, kwa masharti gani? Na taarifa hiyo itasomwa lini mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili?