Sheria na Mlango wa Ibada

Katiba ya Rwanda inalinda uhuru wa dini. Sheria ya 2018 inazitaka taasisi za dini zisajiliwe na Bodi ya Utawala, RGB, na nyumba za ibada ziwe salama. Wapo wanaosema kufunga kanisa lisilotimiza masharti hayo ni kufunga imani. Uchungu wao naujua, lakini Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani Nyaruguru. Uhai wa muumini nao ni haki. Kinachonitia shaka ni sharti la sheria hiyo la shahada kwa viongozi wa dini: usalama wa jengo mkaguzi ataupima, ila wito wa mchungaji ataupimaje? Hapo sheria imevuka kizingiti, na waumini wana haki ya kudai irekebishwe.