Kamba Mbili Kabla ya Abiria Mmoja

Mazungumzo kwa mabaharia na abiria wa boti, Kaunti ya Lamu



Boti ikifika gatini, kila mtu ana haraka. Mama amebeba mtoto, mwingine ana kapu la sokoni, na injini bado inanguruma. Hapo ndipo mguu huteleza kati ya boti na gati. Kwa hiyo baharia afunge kamba mbili kwanza, moja omo na moja tezi, ndipo abiria ashuke. Kamba moja haitoshi: mkondo huigeuza boti na mwanya hupanuka.

Boti inayolala gatini ina hesabu nyingine. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu tofauti hufikia mita 3 hivi. Aliyefunga kamba fupi maji yamejaa huikuta boti inaning'inia. Aliyeifunga maji yamepwa huikuta imevutwa chini, inaingia maji. Basi kamba ziwe ndefu, ziende mshazari mbele na nyuma.

Msimu wa kusi, mawimbi huisugua kamba ukingoni mwa gati. Pale inapogusa izungushiwe gunia, matairi makuukuu yaning'inizwe ubavuni, na kamba iliyochakaa ibadilishwe. Fundo liwe la kufunguka upesi, na mkono usiwekwe kamwe kati ya kamba na nguzo.

Abiria naye ana wajibu wake: akae kitini mpaka baharia aseme, "Shukeni."