Chupa ya Chumvi

Ni mwezi wa Agosti, shule zimefungwa, na huku kwetu Kisumu nyumba zimejaa watoto na mahindi.

Jumamosi iliyopita tuliwachukua watoto wetu hadi Dunga, ufuoni mwa ziwa. Akina mama walikuwa wametandaza omena juu ya nyavu juani. Wengine walipasua ngege na kuwatia chumvi ili wakauke wawe obambla. Mama mmoja alizungumza nasi huku akitazama mawingu. Mvua ikinyesha kabla omena haijakauka, alisema, huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha kuku. Tulirudi na mafunjo, na jioni watoto wakafundishwa na mama yao kusuka mkeka. (Hadi leo mkeka huo watosha paka tu.)

Njiani mtoto mmoja alituuliza, "Kama lile gunia letu?" Heri angenyamaza. Lakini amesema, basi nasi tuwaambie.

Miaka kadhaa iliyopita tulivuna kwa haraka. Kazi za parishi zilikuwa nyingi na mvua ya jioni haikutuacha, tukapukuchua mahindi yangali na unyevu, tukayatia guniani. Baada ya majuma matatu tulifungua gunia moja: joto, harufu mbaya, na ukungu wa kijani. Na gunia hilo ndilo tuliloahidi kwa ibada ya mavuno, wagawiwe wajane. Ndipo likaja wazo, na hatutasema ni la nani nyumbani mwetu: tuondoe yaliyooza, tuchanganye yaliyobaki na mazuri, tupeleke. Nani angejua?

Ndugu, mwaka 2004, hasa huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia katika mahindi yasiyokaushwa vema. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kuchambua punje mbaya hatuna hakika, maana si kila mara huonekana kwa macho.

Twasoma katika 2 Samweli 24 kwamba Arauna alikuwa tayari kumpa mfalme Daudi kiwanja chake cha kupuria, na ng'ombe, na kuni, vyote bure. Daudi akakataa. Akalipa shekeli 50 za fedha, maana hakutaka kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Tulikuwa tumehubiri juu ya maneno hayo zaidi ya mara moja! Na hali yetu ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sadaka yetu ingekuwa na gharama, ila mwenye kuilipa angekuwa mjane.

Basi tulilizika gunia lile. Hata kuku hatukuwapa, maana sumu hiyo huwadhuru nao. Tukanunua jingine sokoni, lililokauka, na Krismasi ile watoto hawakupata nguo mpya. Walinung'unika, nasi hatukuwa na la kujibu.

Tangu hapo, kabla ya kufunga gunia lolote, watoto hutia punje chache katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, wakaitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi hurudi juani, hata kama wageni wako njiani. Ni kazi yao, na wanaipenda kuliko Katekisimu.

Siku ya ibada ya mavuno, mjane mmoja mzee alipopokea sehemu yake alitwaa punje moja, akaiweka kati ya meno machache aliyobakiwa nayo, akaiuma. Ikalia ka! Akacheka, akasema, "Haya yamekauka kweli, Pasta." Tukaitikia, tukatazama chini.