Laiti Pete Ingetumika: Ushindi Uliokataliwa katika Vita vya Tolkien



Vita ninavyokuja kuvizungumzia jioni hii havikupiganwa popote isipokuwa vitabuni. Katika The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, Pete Kuu inayeyuka katika moto uleule ilikofuliwa, na Sauron aliyeifua anaporomoka pamoja na ngome yake. Tangu hapo wasomaji hawajaacha kuuliza: ingekuwaje kama mambo yangekwenda vinginevyo? Wako wanaoliona swali hilo kuwa mchezo wa vijana wenye muda wa kupoteza. Mimi nalitetea. Nadai kwamba ndilo swali linalotufikisha kwenye kiini cha riwaya hii, kwa sababu anayelifuata hadi mwisho hugundua kwamba tokeo baya kuliko yote halikuwa Sauron kushinda. Baya zaidi ni wapinzani wake kushinda kwa silaha yake.

Pingamizi la kwanza ni kwamba tukio la kubuni halina ushahidi, hivyo kila mtu anaweza kusema apendavyo. Sikubaliani nalo. Dunia ya kubuni iliyojengwa kwa uangalifu ina kanuni, na kanuni ndizo zinazotuwezesha kupima dhana moja dhidi ya nyingine. Kuhusu Pete tunaambiwa mambo matatu bila utata: imebeba sehemu kubwa ya nguvu za Sauron mwenyewe, humpa anayeivaa uwezo kwa kadiri ya kimo chake, na humla moyo taratibu yeyote anayeitumia, hata kwa nia njema. Chukua pendekezo linalopendwa sana, kwamba Frodo, hobiti mdogo wa umbo aliyekabidhiwa Pete, angebebwa na tai wakubwa hadi kwenye mlima wa moto na kazi ingekwisha kwa siku chache. Pendekezo hili linatatua tatizo la usafiri, lakini tatizo la vita hivi halikuwa usafiri. Rudini kwenye sura ya pili, Frodo akiwa bado nyumbani kwake, hajaona adui wala jeraha. Mchawi Gandalf anamwambia aitupe Pete katika moto mdogo wa kuotea. Frodo anaitoa mfukoni akikusudia kuitupa, anaitazama, anaona jinsi dhahabu yake ilivyo safi na duara lake lilivyotimia, kisha anajikuta amekwisha kuirudisha mfukoni. Ikiwa alishindwa pale, mbele ya moto usioweza hata kuibadilisha rangi, tai angemsaidia nini kwenye ukingo wa shimo la mlima ambako nguvu ya Pete ilikuwa kubwa kupita mahali pengine popote?

Shahidi wangu mkuu ni mwandishi mwenyewe. Katika dibaji aliyoiandika kwa toleo la pili, mwaka 1965, Tolkien aliwajibu waliodhani kwamba kitabu chake ni fumbo la Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuishia kukanusha, aliwachorea jinsi hadithi ingekuwa kama kweli ingefuata mkondo wa vita hivyo. Pete ingetwaliwa na kutumiwa dhidi ya Sauron. Sauron asingeangamizwa, angefanywa mtumwa. Ngome yake ya Barad-dûr isingebomolewa, ingekaliwa na washindi. Mchawi msaliti Saruman, katika vurugu na usaliti wa wakati ule, angepata huko Mordor, nchi ya Sauron, maarifa aliyokuwa akiyakosa, na baada ya muda angefua Pete Kuu yake mwenyewe. Kisha vita vingine vingeanza, na pande zote mbili zingewadharau na kuwachukia mahobiti, wasidumu hata kama watumwa. Haya ni maneno ya mtu aliyepigana Somme mwaka 1916, ambaye kufikia mwaka 1918 rafiki zake wa karibu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekufa. Tazameni anachokiweka kwenye orodha ya hasara: adui ameshindwa, ngome imetekwa, na bado anayahesabu hayo kuwa maafa.

Kwa nini maafa? Jibu lililo kali zaidi limo katika barua ndefu aliyoiandika Septemba 1963. Anawaza Elrond au Galadriel, wakuu wenye hekima waliompinga Sauron, wangefanya nini na Pete: wangejenga dola yenye majemadari watiifu kupindukia na mitambo ya vita, hadi wawe na nguvu za kumvunja Sauron kwa mabavu. Halafu anamfikia Gandalf, yule tunayempenda, na kusema kwamba Gandalf mwenye Pete angekuwa mbaya kuliko Sauron. Angebaki mwadilifu, ila mwadilifu anayejihesabia haki, akipanga maisha ya watu kwa faida yao kama hekima yake inavyoona. Sauron alizidisha uovu, lakini aliacha wema ukitambulika ulipo. Gandalf angeufanya wema wenyewe uchukize. Sijui hoja iliyo nzito kuliko hii dhidi ya wazo kwamba silaha haina dhambi, dhambi ni ya mtumiaji.

Hapa watetezi wa Boromir, shujaa wa Gondor aliyetaka Pete itumike vitani, huinuka, na wanastahili kusikilizwa. Gondor ilikuwa ikivuja damu, na ni rahisi kwa wenye hekima kukaa barazani kwa Elrond wakikataa silaha ilhali vijana wa mwingine ndio wanaokufa. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, na Tolkien hakumfanya Boromir kuwa mpumbavu. Lakini angalieni jinsi vita vilivyoamuliwa. Tarehe 18 Machi ya mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu, jeshi la watu 7,000 linatoka Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, kwenda Lango Jeusi la Mordor. Linapofika, limepungua hadi chini ya 6,000, na linazingirwa na adui zaidi ya mara kumi ya idadi yake. Kijeshi ni wazimu. Lakini Gandalf na Aragorn, mrithi wa ufalme wa Gondor, wamekwisha kuisoma akili ya Sauron. Wanajua kwamba naye anawaza “ingekuwaje,” ila ya aina moja tu: ingekuwaje mmoja wao akiivaa Pete na kutaka kiti changu? Ujasiri ule anautafsiri kuwa kiburi cha bwana mpya wa Pete, anakusanya majeshi yake langoni, na nchi aliyoiacha nyuma inabaki wazi kwa mahobiti wawili wenye njaa, Frodo na mwenzake Sam. Kwamba kuna mtu angeweza kutaka kuiharibu Pete, wazo hilo halimjii kabisa. Boromir naye hakuweza kulifikiria tokeo hilo kwa uzito, ndiyo maana mpango wake ungewapeleka wote mahali ambapo Sauron alikuwa akiwasubiri.

Sisemi kwamba panga hazikuwa na kazi. Siku mbili baada ya Gondor kunusurika kwenye uwanja wa Pelennor, wafalme Brand na Dáin walipambana na jeshi la mashariki huko Dale na kufa wote wawili, na nyongeza za kitabu zinamwonyesha Gandalf akiwasihi wenzake baadaye wasivisahau vita hivyo, kwa kuwa mambo yangeweza kwenda vibaya zaidi: moto wa joka kaskazini, na Gondor bila malkia.

Pingamizi la mwisho ndilo zito. Wapo wasemao kwamba katika dunia ya Tolkien, aliyekuwa Mkatoliki kwa imani, majaliwa yanaongoza kila kitu: Bilbo, aliyekuwa na Pete kabla ya Frodo, alikusudiwa aipate, na Gollum, aliyeimiliki kabla ya Bilbo, alikusudiwa aanguke nayo, basi matokeo mengine hayakuwezekana. Kama ni hivyo, mbona barua ileile ya 1963 inayapima matokeo mengine moja baada ya jingine? Inatupeleka kwenye ngazi za Cirith Ungol, njiani kuingia Mordor. Gollum anarudi na kuwakuta Frodo na Sam wamelala. Uso wake unabadilika. Anaonekana mzee, amechoka. Anaunyosha mkono na kuligusa goti la Frodo kwa woga. Sam anazinduka, anamkaripia, na saa ile inapita. Tolkien anaamini kwamba laiti Sam angelitambua badiliko lile, toba ya Gollum isingekauka. Bado angeitwaa Pete, kwa wizi au kwa nguvu, lakini baada ya kuishika angejitupa nayo motoni kwa hiari yake, kwa ajili ya Frodo. Kwa jicho la jemadari hakuna kilichobadilika: Pete imeungua, Sauron ameanguka. Aliyebadilikiwa ni kiumbe mmoja ambaye hakuna jeshi lililomhesabu, na ni saa ile ya ngazini, wala si kifo cha mfalme yeyote, ambayo Tolkien aliiona kuwa huenda ndiyo ya huzuni kuliko zote katika hadithi yake.